Ndege Huruka Mezani Kabla ya Kuruka Angani
Ushauri kwa familia zenye vijana wanaotamani ndege za rimoti

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Kuanzia mwezi Juni, pamba inapokwisha kuchumwa na mabua kung'olewa, ardhi ya Bariadi hufunguka. Pale palipokuwa na mistari ya pamba na mahindi hubaki uwanda ambao mtu akisimama ukingoni huona mpaka miti ya kijiji cha pili. Ng'ombe huingia kula masalia, na watoto hupata kiwanja. Miaka yote kiwanja hicho kimekuwa cha mpira wa matambara na tiara za karatasi. Siku hizi vijana wetu wanatamani kitu kingine wanachokiona katika video za simu: ndege ndogo yenye mabawa na mota, inayopaa, inayogeuka na kutua kwa amri ya aliyeshika rimoti.

Mzee mmoja wa msikiti wetu alinisimamisha siku moja baada ya swala ya Alasiri. Nilipokwisha kumwamkia akaniambia, "Katibu, mjukuu wako ananisumbua nimnunulie ndege. Nimeuliza bei yake, nikaona ni ya mbuzi na zaidi. Niambie kweli: hii ni elimu au ni israfu?" Swali hilo wazazi wengi wanalo, na linastahili jibu refu kuliko lile linalotolewa mlangoni mwa msikiti watu wakitafuta viatu vyao.

Jibu fupi ni hili: inategemea kitakachofanyika nyumbani kabla ya ndege kupelekwa uwanjani. Anayeitoa ndege kwenye boksi na kuirusha papo hapo, mara nyingi huirudisha nyumbani vipande vipande, na fedha ya mzazi imekwenda. Anayekaa nayo mezani jioni tatu au nne, akaipima, akaisawazisha na kuikagua, huipata ndege yake na zaidi ya ndege: hujifunza subira, hesabu na uangalifu. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ya mezani, kisha ya uwanjani, kisha sheria na manufaa yake, ili mzazi aamue akiwa anajua.

Si droni, wala si mdoli

Tutenganishe kwanza vitu viwili vinavyochanganywa. Droni ya rafadha nne, ile inayopiga picha harusini, ina kompyuta ndani yake inayoisawazisha mara nyingi katika kila sekunde. Ukiachia vijiti vya rimoti, huning'inia hewani ikikusubiri. Ndege ya mabawa haikusubiri. Inabebwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake, na hewa hiyo hupita kwa sababu ndege inakwenda mbele. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, mabawa huacha kubeba, nayo huanguka. Kwa hiyo anayeirusha hana budi kuelewa kinachoishika hewani.

Sehemu zake ni chache. Kuna mwili na mabawa, ambavyo kwa ndege za wanaoanza hutengenezwa kwa povu gumu jepesi. Kuna mota ya umeme inayozungusha rafadha, na betri ya kuilisha. Kuna kipokezi kinachosikiliza rimoti, na mota ndogo ziitwazo sevo, ambazo huvuta na kusukuma vibao vinavyopinda. Vibao vya kwenye mabawa huilaza ndege kulia au kushoto. Kibao cha mlalo mkiani huinua au kushusha pua. Na kibao cha wima mkiani huizungusha pua upande, kama usukani wa mtumbwi. Ukijumlisha na mwendo wa mota, unapata amri nne, na ndiyo maana huuzwa kama ndege za chaneli nne. Zipo za chaneli tatu zisizo na vibao vya mabawa, na hizo ndizo nyepesi zaidi kwa anayeanza.

Mkia aliousahau Ibn Firnas

Tamaa ya kuruka si ya leo. Katika karne ya 9, huko Cordoba ya Andalusia, aliishi Abbas ibn Firnas, mtu wa elimu nyingi aliyefariki mwaka 887. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya, akajifungia mabawa na kujirusha kutoka mahali pa juu. Akaelea kitambo, lakini katika kutua akaumia mgongo. Sababu iliyotajwa ni kwamba hakuzingatia kazi ya mkia, ambao ndege hutua kwa msaada wake. Masimulizi haya yana somo la kiufundi ambalo halijazeeka: mabawa hukubeba, lakini mkia ndio unaokuweka sawa.

Kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio kulikuja baadaye sana. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii amri bila waya wowote. Mwaka 1937 ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, waliirusha ndege yao ya mfano waliyoiita Big Guff kwa kuiongoza kwa redio, na ndege hiyo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya anga ya Smithsonian.

Lakini habari ninayopenda kuwasimulia vijana ni ya Maynard Hill. Mwezi Agosti 2003, akiwa mzee wa miaka 77 ambaye macho na masikio yalikuwa yamekwisha kumpungukia sana, ndege yake ya mfano iliondoka Cape Spear, Newfoundland, ikavuka bahari ya Atlantiki mpaka Ireland. Ilikwenda takriban kilomita 3,000 kwa muda wa karibu saa 39. Ilikuwa na uzito usiofika kilo 5, pamoja na mafuta yake. Kabla ya siku hiyo ndege nyingine alizozituma zilikuwa zimepotea baharini. Ile iliyofika haikuwa na bahati kuliko zilizotangulia. Ilikuwa imetengenezwa na mtu aliyehesabu kila gramu.

Kazi ya mezani

Sasa tuje kwenye meza ya nyumbani. Kazi ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni mizani. Kila ndege ina mahali pamoja ambapo uzito wa mbele na wa nyuma unalingana. Kwa ndege nyingi za kujifunzia mahali hapo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa likiwa na upana wa sentimita 18, basi ni kati ya sentimita 4.5 na 6 nyuma ya ukingo huo. Weka alama kwa kalamu chini ya kila bawa, tia betri ndani kama utakavyorusha, kisha inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Ikitulia, au pua ikiinama kidogo tu, ni salama. Mkia ukianguka, isogeze betri mbele mpaka itulie. Usikimbilie kuongeza uzito. Kuhamisha ulichonacho ni bora kuliko kubeba kisicho na kazi.

Kijana aelewe kwa nini. Ndege iliyozidi uzito puani huwa nzito kugeuka na hutua kwa kasi, lakini huongozeka. Iliyozidi uzito mkiani haiongozeki kabisa: ukiinua pua kidogo yenyewe huiinua zaidi, mwendo hukatika, nayo huporomoka. Ya kwanza humchosha rubani. Ya pili humaliza safari yake siku hiyo hiyo.

Kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba vibao vinatii upande ulio sahihi. Simama nyuma ya ndege, ukitazama kule inakotazama. Sogeza kijiti kulia: kibao cha bawa la kulia lazima kipande na cha kushoto kishuke. Vuta kijiti kuja kwako: kibao cha mkiani lazima kipande. Sogeza usukani kulia: kibao cha wima kielekee kulia. Kimoja kikienda kinyume, rimoti nyingi zina swichi ya kukigeuza. Ukaguzi huu ni wa nusu dakika, na urudiwe kila siku ya kuruka, hata kama jana ulikuwa sahihi. Ndege iliyogeuzwa amri zake haimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Kazi ya tatu ni kupunguza ukali wa amri. Anayeanza hutikisa vijiti kama anayefukuza kuku. Mkono wa sevo una matundu kadhaa: ukiuingiza waya kwenye tundu lililo karibu na kati, kibao hupinda kidogo; ukiuingiza la nje, hupinda sana. Anza na mwendo mdogo. Ndege inayogeuka polepole humpa mwanafunzi muda wa kusahihisha.

Kazi ya nne ni mota, na hapa pana sheria isiyovunjwa: mota hujaribiwa mezani ikiwa haina rafadha. Rafadha ya plastiki inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika hukata kidole kama kisu. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nafasi ya waya mbili zozote kati ya zile tatu zinazoingia ndani yake, nayo itageuka. Baadaye, unapofunga rafadha, upande wenye maandishi na namba hutazama kule ndege inakoelekea.

Kazi ya tano ni mawasiliano. Zamani rimoti mbili zilizotumia masafa yale yale ziliweza kuangushiana ndege, kwa hiyo warushaji walilazimika kugawana masafa uwanjani. Rimoti za leo za gigahezi 2.4 hufungwa na kipokezi kimoja zikatambuana, na tatizo hilo limepungua sana. Hata hivyo utaratibu umebaki: washa rimoti kwanza, ndipo uunganishe betri ya ndege, ukimaliza, chomoa betri ya ndege kwanza, ndipo uzime rimoti. Kisha fanya jaribio la mwisho: mtu mmoja aishike ndege imara, mota ikiwa katika mwendo mdogo, na mwingine azime rimoti makusudi. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, ndege hiyo haijawa tayari kutoka nje, maana siku ikipoteza mawasiliano itaendelea kwenda mpaka itakapokutana na kitu au mtu.

Betri ni moto uliofungwa

Wazazi, hapa nawaomba msome mara mbili. Betri za ndege hizi ni za lithiamu, zina nguvu nyingi katika umbo dogo, na zikitendewa vibaya huwaka moto usiozimika kwa urahisi. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida. Ikijaa ni 4.2. Betri ya seli tatu, ambayo ndiyo ya kawaida kwa ndege ya kujifunzia, ikijaa huwa na volti 12.6, na haifai kuzidi hapo hata kidogo.

Tumia chaja iliyotengenezwa kwa betri hizo, inayosawazisha seli moja moja. Chaja ya simu au ya pikipiki si badala yake. Chaji kwa kiasi cha ujazo wa betri: ya milliampea-saa 2,200 ichajiwe kwa ampea 2.2, nayo itachukua kama saa moja. Weka betri juu ya sakafu ya saruji au kigae, si kitandani, si juu ya zulia, si karibu na mapazia. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Asiwepo anayechaji akalala au akaenda sokoni. Umeme ukikatika na kurudi, chaja ikaguliwe upya kabla ya kuendelea.

Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inawasha mota. Usiache betri ndani ya gari juani. Usiitumie mpaka iishe kabisa. Weka saa ya rimoti ikulize baada ya dakika sita katika siku za mwanzo, utue, upime kilichobaki, ndipo ujue ndege yako inaweza kukaa hewani muda gani. Na kama hutaruka kwa wiki nzima, iache ikiwa na volti 3.8 kwa seli, isiwe imejaa wala tupu. Kijana asiyeweza kuyashika haya kichwani bado hajafikia umri wa kuachiwa betri peke yake. Mzazi awe ndiye mwenye chaja.

Uwanjani: hewa ya Simiyu na tabia yake

Hewa ya huku kwetu ina mambo yake. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yetu yako juu zaidi ya ziwa. Kwa urefu huo hewa huwa nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko hewa ya Dar es Salaam au Tanga, na joto la mchana huipunguza zaidi. Rafadha hupata hewa kidogo ya kushika, na mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili yabebe. Ndege iliyosifiwa katika video ya nchi ya pwani inaweza kuonekana mvivu hapa. Kwa hiyo chagua ndege nyepesi yenye mabawa mapana, na usiipakie mizigo ya mapambo.

Wakati bora ni asubuhi, kuanzia jua linapochomoza mpaka kama saa tatu. Jua likipanda, ardhi nyeusi ya mbuga hupata moto, hewa ya moto hupanda kwa mafungu, na vimbunga vya vumbi huzuka bila taarifa. Mwewe huyapenda mafungu hayo na huzunguka juu yake bila kupiga bawa; mwanafunzi hawezi kuyamudu. Jioni hewa hutulia tena, lakini panga ratiba ili mmekwisha kufungasha kabla ya adhana ya Magharibi, maana ndege katika mwanga hafifu hugeuka kivuli usichojua kinatazama wapi.

Kipimo cha upepo hakihitaji chombo. Majani ya mti yakitikisika peke yake, rusheni. Vitawi vikiyumba bila kutulia, rudini nyumbani. Rusheni ndege ikielekea upepo unakotoka, na itueni ikielekea huko huko, kwa sababu upepo wa mbele huipa mabawa hewa bila ndege kukimbia sana.

Ikiisha kupaa, ipeleke juu kwanza. Urefu ni muda: ndege iliyo juu ikikosea, unayo nafasi ya kuirudisha, iliyo chini ikikosea, ardhi imekwisha kufika. Na kuna mambo mawili ambayo kila anayeanza huyapata. La kwanza, akiona ndege inaporomoka huvuta pua juu, wakati tatizo ni upungufu wa mwendo. Dawa ni kinyume: ilegeze pua ishuke kidogo, mwendo urudi, kisha uinue taratibu. La pili, ndege inapokuja upande wako, kulia kwake ni kushoto kwako, na mikono huchanganyikiwa. Kanuni yake ni rahisi: sogeza kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba unalitegemeza lisianguke.

Wawepo watu wawili daima. Mmoja anarusha, macho yake hayaachi ndege. Mwingine anaangalia dunia: mtoto anayekimbilia kati, pikipiki inayokuja, kundi la ng'ombe. Kazi hii ya pili inamfaa baba, mama au dada mkubwa, na hapo ndipo mchezo wa mtu mmoja unapogeuka kuwa shughuli ya familia. Wala mabinti wasiachwe nyuma. Kupima mizani na kuhesabu volti hakuchagui.

Sheria, majirani na mifugo

Kabla ya kutoa fedha, jueni sheria. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazosimamia vyombo vya angani vinavyoongozwa kwa mbali, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na suala la vibali linaihusu pia Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Hatua ya busara ni kuiandikia Mamlaka kabla ya kuagiza, kueleza aina ya ndege, uzito wake, kama ina kamera, na mahali mnapokusudia kuirushia, kisha kuhifadhi majibu. Mjulisheni pia mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kitu kinachovuma angani bila maelezo huwatia watu hofu, na hofu huzaa ugomvi.

Msirushe karibu na kiwanja chochote cha ndege, kambi, au jengo la serikali. Mkoa wetu unapakana na Hifadhi ya Serengeti na una Pori la Akiba Maswa. Maeneo hayo hayaruhusiwi bila kibali maalumu. Msirushe juu ya mkusanyiko wa watu, iwe mnadani, kwenye mazishi, au katika viwanja vya Nyakabindi wakati wa maonesho. Gramu 800 zikianguka kwa kasi juu ya kichwa cha mtoto si jambo dogo. Watazamaji wakae nyuma ya rubani, si pembeni wala mbele yake.

Kwa wanaoanza, ndege isiwe na kamera. Ua wa jirani ni sitara yake, na jicho linalopita juu ya ukuta ni sawa na linalochungulia mlangoni. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kulitumia. Na msidhani kila shamba lisilo na pamba ni tupu: mashamba ya mbuga hupandwa dengu baada ya mvua, na ndege ikiangukia humo, mwenye shamba aombwe kwanza ndipo mtu aingie, tena kwa kufuata mstari. Vivyo hivyo, ng'ombe wanapopelekwa lamboni, tueni msubiri. Kundi likishtuka, mchungaji mdogo ndiye anayeumia.

Mchezo unaoweza kuwa kazi

Je, kuna faida zaidi ya furaha? Tutazame hapa hapa kwetu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kupiga ramani visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha ndege zilizofanya kazi hiyo. Ndege zilizotumika, aina ya eBee, zimetengenezwa kwa povu, zina rafadha nyuma, mabawa yake hayafiki mita moja na uzito wake ni kama gramu 700. Kwa umbo na mali yake ni ndugu wa ndege anayoitamani kijana wako. Tofauti ni kamera, kompyuta na elimu ya anayeituma.

Mwaka huo huo wa 2016, nchini Rwanda, ndege ndogo za mabawa zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga, zikiidondosha kwa mwavuli. Mwaka 2018, jirani yetu Mwanza, ilijaribiwa ndege isiyo na rubani iliyopeleka dawa kisiwani Ukerewe. Safari ya takriban kilomita 60 ilichukua kama dakika 40. Na mwaka 2017 jarida la kisayansi la Oryx lilichapisha taarifa ya walinzi waliotumia droni ndogo pembezoni mwa hifadhi za Tanzania, zikiwamo sehemu za ikolojia ya Serengeti, kuwaondoa tembo mashambani bila risasi. Tembo walikimbia mlio. Mkulima wa Meatu au Itilima aliyekesha akipiga debe anajua thamani ya habari hiyo.

Sisemi kwamba kila atakayerusha ndege ya povu Bariadi atapata kazi ya kupeleka damu. Nasema kwamba watakaofanya kazi hizo lazima watoke mahali, na aliyekwisha kujua kwa mikono yake nini maana ya mizani, upepo na volti, ana hatua kadhaa mbele ya aliyezisoma kitabuni tu.

Aanzie wapi?

Kwa mzazi aliyeuliza, na kwa wengine wenye swali lake, napendekeza ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza haigharimu karibu chochote. Chukueni povu gumu jeupe linalofungiwa luninga na majokofu, kateni bawa la sentimita 50, mwili na mkia, gundisheni kwa gundi ya moto. Gundi za haraka za kawaida huliyeyusha povu hilo, kwa hiyo jaribuni kwanza kwenye kipande. Tieni sarafu puani mpaka mizani ikae panapotakiwa, kisha rusheni kwa mkono. Ikinyanyua pua na kuanguka, ongezeni uzito puani. Ikichimba chini, punguzeni. Kijana atakayeendelea na kazi hiyo mwezi mzima bila kuchoka amejieleza. Atakayechoka baada ya siku mbili amekuokolea bei ya mbuzi.

Ngazi ya pili ni programu ya kompyuta ya kuigiza urukaji, ambayo hufundisha mikono bila kuvunja kitu. Afikishe saa kumi humo, atue mara nyingi, hasa ndege ikija upande wake.

Ngazi ya tatu ndiyo ndege yenyewe: ya povu, bawa juu ya mwili, ncha za mabawa zimeinuka kidogo, na ikiwezekana rafadha nyuma ili isivunjike kila inapotua vibaya. Fedha mliyotenga, nusu yake tu iende kwenye ndege na rimoti. Nusu iliyobaki ni ya chaja nzuri, betri ya pili, rafadha za akiba na gundi.

Mwisho, mnunulieni daftari. Kila siku ya kuruka aandike tarehe, hali ya upepo, betri ilipokaa ndani ya ndege kwa kipimo cha sentimita, volti kabla na baada, na kilichoharibika. Mzazi asome daftari hilo kila Ijumaa. Siku kijana atakapoomba ndege kubwa zaidi, kurasa zake zitamsaidia mzazi kuamua.